FAILI LA MGONJWA SI MALI YA MWENYE KAZI



Liko jambo ambalo halijapata nafasi katika mikutano yetu kwa sababu halionekani kuwa la mshahara wala la saa za kazi. Ni jambo la daftari la mtu wa ustawi wa jamii katika hospitali na vituo vya afya. Sisi twaona ni jambo la chama kabisa, na ni la wote wawili: yule anayeandika na yule anayeandikwa.

Mkata miwa wa hapa Shianda akiumia mguu akalazwa, daktari atamwuliza habari za mguu. Mtu wa ustawi atamwuliza yote yaliyobaki. Ana wake wangapi? Watoto wangapi wako shuleni? Ana ng'ombe au hana? Anakunywa pombe kiasi gani, anadaiwa na nani, nyumbani kuna ugomvi? Hana budi kuuliza, maana bila majibu hayo hawezi kumwombea asamehewe deni la hospitali, wala hawezi kujua kama huyo mtu akirudi nyumbani atapata wa kumpikia. Na mgonjwa hana budi kujibu, maana hana fedha. Tangu kiwanda cha sukari cha Mumias kilipowekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, watu wengi wakabaki na madai ya mishahara isiyolipwa, maswali ya namna hii si mageni upande huu.

Basi tazameni tofauti. Daktari ameandika ugonjwa wa mtu. Mtu wa ustawi ameandika umaskini wake, na aibu yake, na siri za mke wake ambaye hakuwapo hata kuulizwa. Karatasi hiyo ikitoka nje ya chumba, mguu uliopona hautamsaidia kitu.

Wafanya kazi wa Kenya hawahitaji kufundishwa na mtu nguvu ya karatasi. Wazee wetu walivaa kipande shingoni ndani ya kopo la chuma. Sheria yake ilikuwa ya mwaka 1915, nayo ilianza kutumika baada ya Vita Kuu ya kwanza. Kila Mwafrika mwanamume wa miaka kumi na sita na zaidi alichukua karatasi yenye alama za vidole vyake, na mwajiri alitia sahihi mtu alipoingia kazini na alipotoka. Asiyetiwa sahihi alionekana mtoro, na mtoro alishtakiwa. Maandishi yalikuwa juu ya mfanya kazi, yalikaa shingoni mwa mfanya kazi, lakini hayakuwa yake. Hicho ndicho kilichowaudhi watu kuliko kopo lenyewe.

Leo hakuna kopo. Lakini kuna wenye kazi ambao mtu akikosa siku tatu kazini hupiga simu hospitali kuuliza anaumwa nini hasa. Wengine husema, sisi ndio tunaolipia bima yake, tuna haki kujua. Hapana. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mgonjwa alete cheti cha daktari kwamba hawezi kazi, ndipo apewe siku saba za malipo kamili na saba za nusu malipo katika mwaka. Cheti cha kutoweza kazi si faili. Mwenye kazi apaswa kujua mtu hawezi kazi tangu lini mpaka lini, na kama akirudi apewe kazi nyepesi. Kwamba mtu huyo anakunywa, au mkewe amemwacha, au anameza dawa za virusi, hayo hayamhusu. Na tena Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza mtu kutoa majibu ya kipimo cha virusi, au habari zinazofuatana nacho, bila mwenyewe kukubali kwa maandishi.

Lakini si wenye kazi tu wanaotaka faili. Serikali nayo huitaka, na mara nyingi kwa nia njema, na nia njema ndiyo ngumu zaidi kuikataa. Tarehe 23 Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta alitoa agizo kwamba makamishna wa kaunti, pamoja na wakurugenzi wa elimu na wa afya, wakusanye habari za watoto wote wa shule wenye virusi vya ukimwi, na za walezi wao, na za kina mama wajawazito na wanaonyonyesha wenye virusi. Ilisemwa ni kwa ajili ya kuwafikishia huduma. Fikirini orodha hiyo ikipita kijijini, toka kwa mwalimu mpaka kwa chifu, toka kwa chifu mpaka kwa karani wake. Shirika la KELIN, na wale wa Nyumbani wanaolea watoto wenye virusi, walikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 7 Desemba 2016 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba agizo lile lilivunja Katiba, katika haki ya mtu kutofunuliwa mambo yake na haki ya mtoto kuangaliwa kwanza. Akaamuru majina yaliyokwisha kukusanywa yafichwe kwa namba katika muda wa siku arobaini na tano, yasiweze kuunganishwa na hali ya mtu.

Neno letu ni hili. Katika jambo kama lile, mtu anayepokea simu ya kwanza si jaji. Ni mtu wa ustawi au muuguzi katika kituo kidogo, amekaa peke yake, mkubwa wake amesimama mlangoni anataka orodha kabla ya saa kumi. Korti ilichukua karibu miaka miwili. Yeye alikuwa na dakika mbili. Akikataa, nani atasimama nyuma yake?

Kuna shauri jingine la Jaji huyo huyo la mwaka 2016 ambalo wenzetu wa ustawi wangefaa kulijua vizuri. Mwezi wa Agosti 2010 wagonjwa wa kifua kikuu walitiwa gerezani Kapsabet kwa amri ya korti, wakae mpaka miezi minane, kwa sababu ilisemekana wameacha dawa. Walikaa siku arobaini na sita kabla Mahakama Kuu ya Eldoret haijaamuru watolewe, na baadaye ikaamuliwa kwamba kumfunga mgonjwa gerezani kwa ajili hiyo ni kinyume cha Katiba. Gereza lenye msongamano si mahali pa kumtibu mtu wa kifua, hilo hata mtoto angelisema.

Sasa twende kwenye kalamu yenyewe. Katika vitabu vya kliniki kuna tabia ya kuandika neno moja juu ya mgonjwa asiyefika siku yake: mtoro. Au mkaidi. Au hashirikiani. Kumbe mtu huyo alikosa nauli ya bodaboda, au msimamizi wa shamba alimnyima ruhusa, au alikuja akakuta dawa zimekwisha. "Mtoro" ni hukumu, si habari. "Hakuja tarehe 4, asema msimamizi hakumpa ruhusa, hana nauli" ni habari, na inamwonyesha atakayesoma kesho la kufanya. Neno lile la kwanza linamwonyesha nani wa kulaumiwa tu. Mwandishi mwangalifu hutenga mambo mawili: haya nimeyaona kwa macho yangu, haya nimeambiwa, na aliyeniambia ni fulani. Akiwa na mawazo yake mwenyewe aseme ni mawazo, tena aeleze yametokana na nini.

Hapa kwetu kuna mtego zaidi. Mama anaeleza kwa Kiwanga, afisa anauliza kwa Kiswahili, faili linaandikwa kwa Kiingereza. Katika safari hiyo ya lugha tatu, pigo hugeuka kuwa "ugomvi wa nyumbani", na mume aliyefunga mlango kwa nje hugeuka kuwa "matatizo ya ndoa". Kisha siku ya kesi, fomu ya P3 inasema hivi na daftari la ustawi linasema vile, na wakili wa mshtakiwa anafurahi. Kwa hiyo maneno mazito ya mgonjwa yaandikwe kama alivyoyasema, kwa lugha aliyoyasema, ndipo tafsiri ifuate. Tena yaandikwe siku ile ile, na tarehe na saa. Yakikosewa yapigwe mstari mmoja unaosomeka, atie sahihi, aandike sahihi chini yake. Kufuta kabisa, au kurudi baada ya wiki mbili kuongeza maneno kana kwamba yaliandikwa siku ile, huko ni kughushi, hata kama nia ni kumsaidia mtu.

Wengine husema afadhali kuandika kidogo sana, ndipo siri zikae. Hatukubali. Afisa akihamishwa au akiugua, mgonjwa ataanza upya kueleza msiba wake kwa mtu mgeni. Iandikwe ile inayohitajika kwa kazi, basi. Kama mwanamke ametaja dhambi ya dada yake, na haihusu matibabu yake wala msaada anaoomba, ya nini kuitia katika faili?

Wala hatusemi siri ni ukuta usio na mlango. Mtoto anayeumizwa hawezi kuachwa aumie ili faili libaki safi. Hapo afisa atawaambia wanaohusika na watoto, ataandika amemwambia nani na kwa nini. Korti ikitoa amri, itatiiwa. Lakini amri ya korti ni karatasi yenye muhuri wa korti. Simu ya mkubwa, au askari aliyesimama akidai "niangalie tu", si amri ya korti. Na mgonjwa aambiwe mambo haya mwanzoni, kabla hajafungua kinywa, si baadaye.

Wanachama nao wajue haki yao. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa kila mtu haki ya kujua habari zake zinatumiwa kwa kazi gani, kuziona, na kutaka zilizo za uongo zisahihishwe. Habari za afya yake zisishikwe ila na mtoa huduma za afya au mtu aliyefungwa na wajibu wa kutunza siri. Afisa anayejua kwamba mgonjwa aweza kulisoma faili lake ataandika kwa adabu zaidi, na hilo pekee lingetosha kuitangaza sheria hiyo ukutani.

Tumesikia watu wakilaumu maafisa kwamba faili zinakaa mezani wazi. Ni kweli haifai. Lakini mlaumu amewapa kabati? Mahali pengi mtu wa ustawi anamhoji mgonjwa kwenye benchi, foleni ikisikiliza, na faili anaziweka chini ya meza pamoja na mwavuli wake. Sasa kuna na simu: karatasi inapigwa picha inatumwa katika kikundi cha WhatsApp ili mkubwa aione upesi, na watu thelathini wanaiona. Wahudumu wa afya ya jamii nao, laki moja nchi nzima, walipewa simu za kazi mwaka 2023 kuandikia habari za kila nyumba, na wao ni majirani wa watu hao hao. Hatuwezi kumtaka mtu aape kutunza siri halafu tumnyime chumba chenye mlango.

Basi Halmashauri ya tawi itakapokaa na wenye kazi tena, pamoja na posho na nguo za kazi, twataka yaingie haya: chumba cha kuhojia, kabati la chuma lenye kufuli, na kifungu katika mapatano kwamba afisa anayekataa kutoa habari za mgonjwa bila idhini yake au amri ya korti hataandikiwa barua ya onyo wala hatahamishwa kwa sababu hiyo. Funguo za kabati ziwe mbili, moja kwa afisa na moja kwa msimamizi wake wa kazi ya ustawi, isiwepo ya tatu kwa karani wa mishahara.