Nzi wa jikoni mwenu bado hajapigwa picha

Fungua Instagram sasa hivi, utafute picha za makro, zile zinazopigwa karibu sana hadi kidudu kinajaza kioo chote cha simu. Hesabu utakachoona. Tone la maji kwenye jani. Nyuki juu ya ua la njano. Jicho la nzi. Tone lingine la maji, safari hii kuna ua ndani yake. Ukifika picha ya ishirini hujui tena nani alipiga ipi. Zote zimevaa sare moja kama wanafunzi gwarideni.

Wasee wengi wa kamera watakwambia shida ni mada. Eti nzi ashapigwa sana, nyuki ameisha. Basi wanangoja nauli ya kwenda Msitu wa Kakamega kutafuta kipepeo asiyejulikana, ama wanangoja doo ya lenzi mpya. Mimi napinga. Nzi hajaisha. Tumemwangalia nusu dakika tu, tukapiga, tukapakia, tukaenda.

Watu waliotoa kazi ya kipekee kwa vitu vya kawaida walikaa na kitu kimoja muda mrefu. Karl Blossfeldt alikuwa mwalimu wa sanaa kule Berlin. Kwa zaidi ya miaka 30 alipiga picha za mimea, mingi ikiwa magugu ya kando ya njia, kwa kamera aliyojiundia mwenyewe. Kitabu chake kilitoka 1928, akiwa ameshapita miaka 60, na watu wakashangaa kuona chipukizi la gugu linafanana na nguzo ya jumba la kifahari. Wilson Bentley, mkulima wa Vermont, Marekani, alianza kupiga chembe za theluji mwaka wa 1885. Kwao theluji ni kama vumbi kwetu. Alipiga zaidi ya picha 5,000.

Sasa turudi nyumbani. Kuna buibui mdogo wa kuruka anayeishi kando ya Ziwa Victoria, hata kwenye kuta za nyumba za watu. Jina lake la kisayansi ni Evarcha culicivora, na urefu wake ni kama milimita 5 hivi. Watafiti waliofanya kazi Mbita walitangaza mwaka wa 2005 kwamba huyu jamaa anapenda zaidi mbu wa kike aliyeshiba damu. Yaani anakula damu yako kupitia kwa mbu. Mtu asiyejua hilo ataona buibui ukutani, apige yale macho makubwa mawili ya mbele, apate picha ambayo dunia inayo tayari. Anayejua atangoja mbu aliyeshiba atue, na atapata buibui amebeba tumbo jekundu mdomoni. Ukuta ni ule ule, kamera ni ile ile. Tofauti ni kwamba mmoja alijua anangoja nini.

Si lazima uishi Mbita. Geuza jani la sukuma wiki hapo nyuma ya ploti. Utapata vidukari wanafyonza maji ya jani, na mara nyingine sisimizi wako hapo wanawalinda. Sisimizi anampapasa kidukari kwa vipapasio vyake, kidukari anatoa tone tamu, sisimizi analinywa. Huo ni ufugaji kabisa, mchungaji na ng'ombe wake, na uko chini ya jani ambalo mama atalipika kesho. Wangapi umeona wamepiga hiyo?

Najua utasema vifaa ni ghali. Ukiwa na simu, lenzi ndogo ya kubana juu ya kamera inatosha kuanza. Ukiwa na kamera, lenzi kuukuu ya milimita 50 ukiifunga kinyumenyume kwa pete yake inakukaribisha sana kwa mdudu. Karatasi nyeupe nyepesi mbele ya fleshi italainisha mwanga. Ila kumbuka, ukikaribia hivyo, sehemu inayoonekana wazi inakuwa nyembamba sana, pengine chini ya milimita moja. Kwa hivyo lazima uchague: jicho, mguu, au lile tone. Uchaguzi huo ndio sahihi yako. Na shuka chini. Picha nyingi zinafanana kwa sababu zote zimepigwa kutoka juu, kwa macho ya mtu aliyesimama.

Kuna njia ya mkato ambayo siipendi. Wengine hutia mdudu kwenye friji ili azubae, au humbandika kwa gundi. Huo ni ukatili, na hata picha yenyewe haikupi kitu, maana mdudu aliyeganda hana la kusimulia. Amka kabla ya jua. Baridi ya asubuhi huwafanya wadudu wawe wazito wenyewe, na hujamdhuru mtu.

Utaniuliza mbona nijisumbue wakati tone la maji ndilo linaleta laiki. Sawa, lakini tazama mbele kidogo. Akili mnemba imelishwa mamilioni ya matone hayo, na sasa inatoa lingine kabla hujafungua kamera. Ukijitangaza kama mpiga picha wa matone, unashindana na mashine isiyolipa kodi ya nyumba. Lakini mashine haijui njia ya sisimizi kwenye ufa wa ukuta wenu, wala saa wanayotoka. Hicho ndicho kitu pekee ulicho nacho ambacho mteja hawezi kukipata bure kwingine.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sina cheti cha kukupa. Nina kazi ya kukupa. Chagua kiumbe kimoja unachoweza kukifikia kwa miguu, hata kama ni nzi wa jikoni. Mwezi mmoja, usipige kingine. Wiki ya kwanza picha zako zitafanana na za kila mtu. Ya pili utachoka. Usiache hapo, kwa sababu ukishachoka na macho yake ndipo utaanza kuona anavyosugua miguu, anavyotua, anavyogombana na mwenzake. Piga hayo.