Kihispania cha Kupitia London

Jamani, Jumapili iliyopita nilikuwa nyumbani Rhotia. Mdogo wangu anasomea uongozaji watalii kwenye chuo fulani (jina naliweka kapuni), nikamkuta kajifungia ndani anakariri kama kasuku. Anakariri nini? Kihispania, ule wakati uliopita usiotimilika. Daftari zima limejaa tafsiri za Kiingereza. Nikamuuliza trabajaba maana yake nini. Akaanza kwa Kiingereza, akakwama. "Kaka, Kihispania kigumu."

Kigumu wapi? Tatizo ni kumpeleka mtoto wa Kiiraqw Madrid kwa kupitia London! Kiingereza mara nyingi hubebesha neno moja mambo mawili: nilifanya kazi ikaisha, na nilikuwa nikifanya kazi siku nenda rudi. Mwalimu anamaliza wiki nzima kutenganisha kitu ambacho Kiswahili kilishatutenganishia tangu utotoni. Nilifanya. Nilikuwa nikifanya. Trabajaba ndiyo hiyo ya pili, basi.

Na mikia yenyewe? Kitenzi cha -ar, toa hiyo -ar, weka -aba, -abas, -aba, -ábamos, -abais, -aban. Vya -er na -ir vinatumia mikia ileile: -ía, -ías, -ía, -íamos, -íais, -ían. Vikaidi ni vitatu tu lugha nzima: ser, ir na ver. Vitatu! Cha kuangalia ni kwamba "mimi" na "yeye" wanafanana, kwa hiyo penye utata tanguliza yo, él au ella. Kiswahili mtenda anakaa mbele, Kihispania anakaa mkiani. Hata hilo si geni Rhotia, maana Kiiraqw chetu nacho hubadilisha mwisho wa kitenzi kufuata mtenda. Nani chuoni amewahi kumwambia?

Najua mtasema huyu mwandishi kakosa habari. Haya, tupande gari mpaka ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Mgeni kutoka Hispania anauliza habari za Wamasai. Kijana aliyechoshwa na majedwali anakimbilia wakati uliopo: viven, wanaishi humo chini. Si kweli! Vivían, walikuwa wakiishi, maana waliokuwa chini ya kreta waliondolewa mwaka 1974. Mtu kahamishwa kwao, halafu kwa silabi moja anarudishwa kana kwamba hakuna kilichotokea. Na mgeni anaondoka nayo hivyohivyo. Ng'ombe walikuwa wakishuka, bajaban. Walikuwa wakinywa maji, bebían. Ukikosea hapo hujakosea sarufi tu, umewakosea majirani.

Tukafuta Kiingereza ukurasa mzima, tukaandika Kiswahili pembeni ya kila mkia. Nusu saa haikuisha, dogo akawa anatunga sentensi zake mwenyewe. Kisha akaniuliza, "Kaka, mtihani nao tutajibu hivi?" Mtihani ulikuwa Jumatatu. Maswali yote kwa Kiingereza.