Ukimya wa Kompyuta Si Dalili ya Uzima

Katika mtaa wa Maisaka, mjini Babati, namfahamu bibi mmoja aishiye peke yake. Kila asubuhi hufungua dirisha lake la mbele kabla jua halijapanda. Siku moja ilifika saa tatu na dirisha lingali limefungwa. Jirani alivuka njia akabisha hodi, akamkuta bibi ana homa kali na hawezi kuinuka. Kama jirani yule angengoja kuitwa, angechelewa. Mgonjwa wa namna hiyo hana sauti ya kuomba msaada.

Nimekieleza kisa hiki kwa sababu kinahusu kosa ambalo sisi tunaoandika programu za kompyuta hulifanya mara kwa mara. Tunazitega programu zetu zipige kelele zinapokosea, kisha tunalala. Twasahau kwamba programu iliyokufa haipigi kelele.

Tutazame mfano ulio karibu nasi. Kila zahanati na kituo cha afya nchini hujaza vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Hesabu za kila mwezi hupelekwa wilayani na kuingizwa katika programu iitwayo DHIS2, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norway. Humo hesabu za vituo hujumlishwa na kupangwa katika majedwali, kazi ambayo aghalabu hupangiwa kufanyika usiku, watumishi wakiwa wamelala. Hiyo ndiyo tunayoiita kazi ya kuchakata takwimu.

Sasa tuchukulie kwamba wilaya moja ina vituo 30, na kila kituo kimepata wagonjwa 40 wa malaria. Jumla yake ni 1,200. Ikiwa taarifa za vituo 9 hazikufika, kompyuta itajumlisha zilizopo na kutoa 840. Haitalalamika, kwa kuwa hesabu yake ni sahihi. Lakini msomaji wa jedwali ataona malaria imepungua kwa asilimia 30, na huenda akaagiza dawa pungufu. Kosa halimo katika kujumlisha, bali katika kuchanganya sifuri na pengo. Sifuri ni kipimo: tumetazama, hatukuona mgonjwa. Pengo maana yake ni kwamba hatujui.

Wataalamu wa magonjwa walilitambua jambo hili zamani. Katika mkakati wa ufuatiliaji jumuishi wa magonjwa, ambao nchi za Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ziliupitisha mwaka 1998, kituo hutakiwa kutoa taarifa hata kama hakikupata mgonjwa yeyote. Hiyo huitwa taarifa ya sifuri. Kituo kisichotuma chochote hakihesabiwi kuwa salama, bali hufuatiliwa.

Wala tusidhani kwamba maradhi haya ni ya nchi maskini. Nchini Uingereza, kati ya tarehe 25 Septemba na tarehe 2 Oktoba 2020, wagonjwa 15,841 wa UVIKO-19 hawakuingia katika hesabu za kila siku. Majibu ya maabara yalikuwa yakipitishwa katika majedwali ya mtindo wa zamani usioweza kubeba zaidi ya mistari 65,536, yaani 2 kwa kipeo cha 16. Mistari iliyozidi iliachwa nje bila kengele kulia. Wagonjwa wenyewe walipewa majibu yao, lakini watu waliokutana nao walichelewa kutafutwa.

Nami sijinasui. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamivu, programu yangu ya kuchambua takwimu za mvua ilikoma usiku mmoja kwa sababu diski ilijaa. Kwa siku tisa niliendelea kuchora grafu zilezile, nikishangaa jinsi hali ya hewa ilivyotulia.

Rai yangu, basi, ni hii: kila kazi ya kuchakata takwimu na iwe na jirani anayelitazama dirisha lake. Kazi inapomalizika salama itume ishara. Ishara isipofika kwa saa iliyopangwa, tahadhari itolewe yenyewe. Mlinzi huyo akae katika kompyuta nyingine, maana umeme ukikatika mlinzi na mlindwa wasizimike pamoja. Pamoja na ishara hiyo yapimwe mambo matatu: taarifa ngapi zimeingia na ngapi zilitarajiwa, taarifa mpya kabisa ina umri gani, na je, jumla ya leo imepishana mno na za siku zilizopita?

Wapo watakaosema kwamba tahadhari zikizidi watu huzizoea na kuzipuuza. Ni kweli, na ndiyo maana tahadhari yoyote isiyomtaka mtu kuchukua hatua yafaa ifutwe. Inayobaki imwendee mtu anayejulikana kwa jina, imweleze kilichokosekana na pa kuanzia kutazama. Tahadhari iliyotumwa kwa watu wote kwa kawaida haishughulikiwi na yeyote.

Walimu wanaweza kulifundisha jambo hili bila kompyuta. Shule yenye kipimamvua iwape wanafunzi zamu ya kukisoma kila siku saa tatu asubuhi. Siku isiyo na mvua waandike 0. Siku ambayo hakuna aliyesoma waache pengo, wala wasilijaze kwa kubahatisha. Mwanafunzi wa darasa jingine akague daftari saa nne, na asipoona maandishi amwendee mwenye zamu. Mwisho wa mwezi wapige wastani mara mbili: kwanza kwa kuyahesabu mapengo kuwa sifuri, kisha kwa kuyaacha nje. Tofauti watakayoiona itawafundisha kuuliza, kila waonapo jumla iliyochapishwa, ni wangapi ambao taarifa zao hazikufika.