Simu ya Askari na Mchezo wa Mtoto

Katika nyumba nyingi za askari na polisi, mjini Gitega na mjini Muyinga, simu ya intaneti ni moja tu, nayo ni ya mzazi aliye kazini. Mchana simu hiyo hupokea habari za zamu na za safari. Jioni huangukia mikononi mwa mtoto, naye hufungua mchezo. Wapo wasemao kuwa huo ni utoto tu, haufai kuwashughulisha watu wazima. Sisi twaona kwamba jambo hili lataka kutazamwa kwa jicho la mlinzi.

Yafaa ieleweke kwamba mchezo wa leo si ule wa zamani, ambao mtoto alishindana na mashine peke yake. Free Fire, uliotolewa mwaka 2017 na usiohitaji simu ya bei kubwa, huwakutanisha wachezaji wapatao 50 katika kisiwa kimoja, na walio katika kikosi cha watu wanne huweza kuongea kwa sauti. Mtoto wa Gitega aweza kuwa kikosi kimoja na rafiki yake wa Muyinga, na hilo si baya. Lakini wale wawili waliobaki huenda wakawa watu wazima asiowajua kabisa. Mmoja wao akimwuliza kirafiki, "Baba yako yuko wapi leo?", mtoto hujibu bila kufikiri. Na mtoto wa askari akijibu, ameshataja zamu, safari, na nyumba iliyolala bila baba.

Hata wakubwa huteleza. Mwaka 2021 mchezaji mmoja wa War Thunder, mchezo wa vifaru na ndege za vita, alitoa hadharani kurasa za kitabu cha kifaru cha Uingereza kiitwacho Challenger 2. Alichotaka ni kushinda ubishi kwamba kifaru hicho hakikutengenezwa sawasawa mchezoni. Ikiwa ubishi wa mchezo ulimfikisha mtu mzima hapo, tumtarajie nini mtoto wa miaka kumi?

Basi hatuna budi kuanza na kufuli. Simu ikiwa ni ya nyumba nzima, mzazi aweke namba ya siri katika duka la Google Play, ili mtoto asipakue mchezo uliozidi umri wake. Simu nyingi za Android zina pia njia ya kubana programu moja kwenye kioo, mtoto akabaki ndani ya mchezo na asifike kwenye ujumbe wa kazi. Kisha sauti na maandishi ya mchezoni yafungwe. Mtoto akiwa na simu yake mwenyewe, programu ya Family Link humwezesha mzazi aliyehamishiwa Muyinga kuweka saa za kucheza za mtoto aliyebaki Gitega. Nao Roblox, tangu Novemba 2024, huruhusu mzazi kuunganisha akaunti yake na ya mwanawe na kuisimamia akiwa mbali.

Hata hivyo, kufuli haisikii mazungumzo. Family Link huhesabu dakika, haijui lililosemwa ndani yake. Tena mtoto ana akili. China iliamuru mwaka 2021 kwamba walio chini ya miaka 18 wacheze saa moja tu, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Mwaka huo huo kampuni ya Tencent ilianza kukagua sura za wachezaji usiku, kwa kuwa watoto walikuwa wakijificha nyuma ya akaunti za wakubwa. Ikiwa dola kubwa namna ile yahangaika hivyo, baba mmoja mwenye mkanda mkononi atafika wapi?

Hapa ndipo tunapotofautiana na baadhi ya wenzetu, wanaodhani kwamba nyumba huongozwa kwa amri za kwata. Kila aliyewahi kulinda usiku ajua kwamba mlinzi akiadhibiwa kwa kupiga kelele bure, siku ya adui atanyamaza. Mtoto naye ni hivyo hivyo. Akijua kwamba kumtaja mgeni aliyemwuliza maswali kutamletea viboko na kunyang'anywa simu, atamficha mgeni huyo, na mgeni atapata rafiki. Lakini akijua kwamba atasikilizwa, atakuwa mlinzi wa kwanza wa nyumba yake.

Tangu mwaka 2007, askari wa Burundi walipoanza kwenda Somalia, familia nyingi zimejifunza kulea watoto kwa simu, baba akiwa mbali. Katika maongezi hayo tumezoea kuuliza habari za shule na afya. Tuongeze swali moja: "Leo umecheza na nani, naye alikuuliza nini?" Tena namba za siri zisiwe mali ya baba peke yake. Mama watoto, aliye nyumbani kila jioni, azijue na awe na mamlaka nazo.

Ndugu askari, ndugu polisi, leo kabla ya kumkabidhi mtoto simu, keti naye dakika kumi. Fungeni sauti pamoja, na umweleze kwa nini kazi ya baba au mama haisemwi kwa mtu asiyeonekana. Kisha mwahidi kwamba akija na habari mbaya hatapigwa, na ahadi hiyo uitimize.