Moshi Ukishatoweka Machoni

Kiangazi kikikolea, mtu akisimama Balangdalalu huuona Mlima Hanang kwa utusitusi, ingawa una urefu wa zaidi ya mita 3,400. Wengi husema ni vumbi: Ziwa Balangida likikauka, upepo huinua udongo na chumvi yake. Wengine husema ni moshi wa kuni na wa mashamba yanayochomwa. Wote wako sahihi. Lakini ndani ya ukungu huo mkavu zimo pia chembechembe ambazo hakuna upepo uliozizoa wala moto uliozitoa. Zimezaliwa humo humo hewani, kutokana na gesi zisizoonekana, na ndizo mada ya makala hii.

Gesi nyingi kati ya hizo ni za mimea. Miti duniani hutoa takribani tani milioni 500 za isopreni kila mwaka, na juu yake huja terpeni, jamii ya harufu ya msindano na ya jani la mkaratusi likifikichwa. Mwaka 1960 mwanabotania Frits Went alitoa hoja kwamba ukungu wa buluu unaotanda juu ya vilima vyenye misitu hutokana na mivuke ya aina hii. Misitu yetu, kuanzia Nou hadi miteremko ya Hanang, haiwezi kuwa nje ya habari hiyo.

Kinachotokea baadaye kinahitaji jua, na jua tunalo. Mwanga mkali huvunja ozoni, atomu ya oksijeni inayochomoka hukutana na mvuke wa maji, na hapo huzaliwa hidroksili, molekuli yenye njaa isiyodumu hata sekunde moja. Hidroksili ikiivamia isopreni au terpeni, oksijeni huanza kujipachika humo. Kuanzia hapo kuna njia mbili. Molekuli inaweza kukatikakatika, ikawa fomaldehidi, kisha monoksidi ya kaboni, na mwisho kabondayoksaidi. Au inaweza kuendelea kubeba oksijeni hadi ikawa nzito, ishindwe kubaki mvuke, na igande juu ya vumbi au masizi yaliyopo, au iungane na nyingine kufanya chembe mpya. Njia ipi itashinda hutegemea joto, na pia oksidi za naitrojeni zinazotoka kwenye injini na mioto. Kwa hiyo gesi ile ile ya mti haifikii mwisho ule ule msituni na kando ya barabara kuu, na kuulaumu mti ni kukosea mshitakiwa.

Hapa ndipo ninapotaka kusisitiza. Moshi wa mafiga nao hubeba gesi za namna hiyo: fenoli na furani zitokanazo na kuni zinazoungua. Moshi ukitoka paani na kutoweka machoni, tunadhani umekwisha. Sivyo. Saa chache baadaye, chini ya jua la mchana, sehemu ya gesi hizo imegeuka chembechembe mpya, labda juu ya kijiji ambacho hakikuwasha moto huo. Anayepima chembechembe jikoni peke yake amepima nusu ya jambo.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Tunauunga mkono kwa moyo wote, kwa ajili ya mama anayepika na mtoto aliye mgongoni. Tunachodai ni kwamba manufaa yake yahesabiwe mpaka nje ya nyumba. Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2021 kiwango cha mikrogramu 5 za chembechembe laini kwa mita moja ya ujazo kwa wastani wa mwaka, na kiwango hicho hakibagui zilizotoka motoni na zilizozaliwa angani.

Kuhesabu huko kunahitaji vipimo. Kenya ina kituo cha kuchunguza hewa kwenye Mlima Kenya tangu 1999, na Rwanda inacho juu ya Mlima Mugogo. Ukanda wa Mbulu na Hanang, wenye msitu, ziwa la chumvi, ngano na kuni kwa pamoja, unastahili chake. Kipime gesi pamoja na chembechembe, asubuhi na alasiri, masika na kiangazi, na vijana wa sekondari za hapa wafundishwe kuzisoma takwimu zake.