Mwalimu, Zima Kamera

Leo naweka programu kando kidogo. Mwalimu mmoja ameniuliza anunue kamera gani ya kufundishia, endapo shule zitachelewa kufunguliwa tena kama ilivyokuwa Mei 2024 wakati wa mafuriko. Nimemwambia asinunue.

Nina sababu. Shule zilipofungwa Machi 2020 nilikuwa ndio kwanza nimemaliza digrii ya kompyuta, najiona fundi wa kila kitu. Nikamsaidia mwalimu wa hesabu kuanzisha darasa la video la moja kwa moja, kidato cha pili. Kati ya wanafunzi 43 waliingia 9, na wawili wakapotea kabla ya kipindi kuisha. Dada yangu mdogo, wa darasa hilohilo, hakuingia kabisa: nyumbani simu ya intaneti ilikuwa moja, na mama alikuwa nayo sokoni. Mimi kaka mtu nimepanga mtambo mzima bila kuuliza simu iko wapi saa nne asubuhi!

Na hesabu yenyewe ni ya kalamu na karatasi. Video ya megabiti 1 kwa sekunde, kwa kipindi cha dakika 40, inakula megabaiti 300. Sauti ya kilobiti 16 kwa sekunde, dakika 10, ni megabaiti 1.2 tu.

Basi tukaanza upya. Mwalimu aliandika mfano mmoja kwenye karatasi, akaupiga picha penye mwanga, akarekodi sauti ya dakika 10 akiueleza hatua kwa hatua. Vyote vikatumwa kwenye kundi la WhatsApp saa moja jioni, simu zikisharudi nyumbani. Katikati ya sauti alisema, "Simamisha hapa, jaribu mwenyewe kwanza." Jambo hilo dogo naliona kubwa kuliko mtambo wangu wote, kwa sababu kwenye video ya moja kwa moja aliyeachwa nyuma ameachwa. Dada yangu alirudia kipande kimoja mpaka nikakikariri mimi.

Mwisho kulikuwa na swali moja tu, jibu kwa SMS. Hata mwenye mulika mwizi aliliona swali kwa jirani akajibu. Kosa lililorudiwa na wengi ndilo lililofungua somo la kesho yake. Redio ya KBC ilirusha masomo ya KICD mwaka huo na iliwafikia wengi kuliko sisi, lakini redio haipokei jibu la mtoto.

Video sijaikataa kabisa. Jaribio la kemia lionyeshwe, lakini kipande kifupi, kilichorekodiwa, cha dakika mbili.

Mwalimu wangu wa kamera sasa anawauliza wazazi maswali mawili: simu ni ya nani, na inarudi nyumbani saa ngapi? Akimaliza, nitamwandikia kiprogramu cha kupanga majibu ya SMS.