Msimu wa Ushindi Mara Mbili

Majuma machache yaliyopita vijana wa timu ya mtaani kwetu, ambao wengi wao ni wanafunzi wa jioni katika madrasa yetu, walifiwa na mwenzao aliyekuwa akicheza beki ya kushoto. Siku ya tatu ya msiba walitujia wakitaka kauli ya kamati: je, wajitoe katika mashindano au waendelee? Wazee wetu waligawanyika. Mmoja alisema kucheza ni kumkosea adabu marehemu. Mwingine akajibu kuwa kuwafungia vijana ndani pamoja na huzuni yao si huruma. Sisi tulioshika kalamu ya muhtasari hatukuwa na la kuandika. Usiku ule tukakikumbuka kisa cha Chuo Kikuu cha Marshall, kilichopo katika mji wa Huntington, jimbo la West Virginia, Marekani.

Jioni ya Jumamosi, tarehe 14 Novemba 1970, timu ya chuo hicho ilikuwa ikirejea kwa ndege kutoka North Carolina, ambako ilikuwa imefungwa 17 kwa 14. Mpira wenyewe si huu wetu. Ni ule wa Kimarekani, wenye umbo la yai na unaobebwa mikononi. Ndege iligonga miti ya kilimani ikikaribia kutua, na wote 75 waliokuwamo wakafa. Wachezaji walikuwa 37. Walikuwamo pia kocha mkuu Rick Tolley na wasaidizi wake, pamoja na mashabiki 25, wakiwemo madaktari na watu wenye nyadhifa mjini. Watoto 70 walipoteza angalau mzazi mmoja, na 18 kati yao wakabaki bila baba wala mama. Miili ya wachezaji sita haikutambulika ni ya nani, ikazikwa pamoja. Wasomaji waliowahi kuhudhuria mazishi ya ajali ya meli au ya basi wanafahamu uzito wa jambo hilo.

Aliyesalimika kwa namna ya kustaajabisha ni Ed Carter. Hakusafiri na wenzake kwa kuwa alikuwa kwao Texas akimzika baba yake.

Wapo waliotaka timu ivunjwe moja kwa moja, na kwa hakika hatuwezi kuwalaumu. Chuo kikaamua kuendelea, kikamwajiri kocha Jack Lengyel. Mzee huyu (mzee kwa hadhi, maana umri wake haukuwa mkubwa) alipewa kazi ya kuunda timu bila watu. Wakati ule wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kuchezea timu kubwa. Marshall ikaomba ruhusa maalumu, ikapewa. Wakakusanywa vijana wa miaka 18, waliosalia kwa majeraha, na wengine kutoka michezo mingine ya chuo. Red Dawson, kocha msaidizi aliyekuwa barabarani kwa gari siku ya ajali, alikubali kubaki msimu mmoja tu, kisha akaiacha kazi ya ukocha. Nasi twaona alitenda haki kwa nafsi yake kama alivyoitendea timu.

Mechi ya kwanza ya msimu wa 1971 walifungwa 29 kwa 6. Ya pili, tarehe 25 Septemba, walicheza nyumbani dhidi ya Xavier. Muda ulipokuwa ukiisha, Reggie Oliver alimrushia Terry Gardner pasi fupi, naye akakimbia nayo hadi mwisho wa uwanja: 15 kwa 13. Watu waliingia uwanjani, wakabaki humo muda mrefu wakilia.

Lakini msimu haukugeuka hadithi tamu. Walishinda mara mbili tu katika mechi kumi. Ilibidi kusubiri hadi 1984 ndipo Marshall ikapata msimu ambao ushindi ulizidi vipigo. Chuoni hapo ipo chemchemi ya ukumbusho iliyozinduliwa Novemba 1972. Kila tarehe 14 Novemba watu hukusanyika, majina husomwa, maji hufungwa, na hayafunguliwi tena hadi majira ya kuchipua.

Tuliwasimulia vijana haya yote, pamoja na vile vipigo vinane, bila kuwapa hukumu. Walijadiliana wenyewe, wakaamua kuwaomba waandaaji waahirishe mechi mbili, kisha warudi. Kabla ya hapo walikwenda kumwomba mama wa marehemu idhini. Bibi huyo aliwasikiliza, akaingia chumbani, akatoka na jezi ya mwanawe ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi. Alisema timu yao haina jezi za kutosha, basi hii isikae kabatini.

Wanacheza Jumamosi hii baada ya swala ya Alasiri.